Kichupa cha Pili

Katika hamamu ya wanawake ya mtaa wa reli hakuna aliyesugua watu kama Tong Shuyan. Wasuguaji wenzake walikuwa wakikaa bure, glavu mkononi, huku wateja wakijilowesha kwenye maji ya moto wakimsubiri yeye. Mikono yake ilikuwa mizito, sauti yake ilipasua mvuke, na mdomo wake haukuwa na pazia. Aliyelala juu ya kitanda chake cha plastiki aliondoka na ngozi nyekundu na habari zote za mtaa.

Lakini majira yale ya baridi alikuwa akisugua kimya. Wateja wake walijua sababu, wakamwacha.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka saba aliyeitwa Ruirui, mwembamba, msemaji kama mama yake, bingwa wa kuruka kamba katika darasa la kwanza. Vuli ilipokuwa inaisha, kikohozi kiliingia darasani mwao, kikawaangusha watoto dawati kwa dawati. Ruirui alipopandwa na homa, Shuyan na mumewe, Ji Hongtao, fundi wa njia za reli, walimpeleka hospitali ya watoto. Walikuta korido imejaa mpaka kwenye ngazi. Watoto wametundikiwa dripu kwenye misumari ya ukutani, mabibi wameketi juu ya magazeti, akina baba wamesimama na chupa za maji ya moto mikononi.

Shuyan alikwenda kupanga foleni ya picha ya kifua. Hongtao akabaki na mtoto. Muuguzi alimtoa Ruirui damu kichupa kimoja, ya vipimo vya kawaida. Kisha akaja msichana mmoja mwenye koti jeupe na barakoa, amebeba trei, akaomba kichupa cha pili. Alisema ni cha utafiti wa nimonia, kwamba wanatafuta alama ndani ya damu za kuonyesha ni mtoto gani atazidiwa na yupi atapona kwa dawa ya kawaida. Sindano ni ile ile, hataumia mara mbili. Hongtao, makoti matatu mkononi, alitia sahihi bila kusoma. Ruirui alikuwa akitazama damu yake inavyojaa, akauliza, "Ikitoka hivi, itaota tena kama nywele?" Msichana yule alicheka, akamwambia itaota. Hongtao alimsimulia mkewe maneno hayo walipokuwa wakirudi nyumbani, nao wakacheka.

Maana walirudi nyumbani. Daktari Geng, mwanamume wa makamo aliyekuwa na sauti imekauka kwa kusema siku nzima, alitazama picha akaona kivuli kidogo tu. Vipimo vya kawaida havikuwa vibaya. Mtoto anaongea, anakula. Vitanda havikuwepo hata vya wanaokufa. Akawapa dawa, akasema wakiona mabadiliko warudi.

Kesho yake Ruirui alikula mapichi ya kopo, akanywa mpaka maji yake, kama kila mtoto mgonjwa wa upande ule wa nchi anavyofanyiwa. Jioni ya siku iliyofuata midomo yake ilikuwa ya buluu. Walimrudisha hospitali, Daktari Geng akaita gari la wagonjwa, likamkimbiza mji mkubwa wa Shenyang, akalazwa kwenye mashine ya kupumulia, na kabla hajaamka madaktari walikuwa wamekata kipande cha pafu la kushoto kilichokuwa kimeoza. Alipona. Alirudi nyumbani amebaki macho na magoti, na kifua kilichopiga filimbi kila akitembea.

Watu walisema ni bahati mbaya. Shuyan naye alisema hivyo hivyo. Hata alimpelekea Daktari Geng mfuko wa mapeasi yaliyogandishwa, akamshukuru kwa kuita gari haraka. Daktari aliona haya, akaupokea mfuko kwa mikono miwili.

Ilikuwa siku chache kabla ya Mwaka Mpya, wakati ambapo mji mzima huja kujisugua uchafu wa mwaka wa zamani. Msichana mmoja ambaye Shuyan hakuwahi kumwona alipanda kitandani, akalala kifudifudi.

"Dada mkubwa, usinihurumie," alisema. "Nina uchafu wa mwaka mzima."

"Wa mwaka mzima? Huu hapa begani naona ni wa tangu shule."

Msichana alicheka. Kwa kuwa alicheka vizuri, Shuyan, ambaye hakuwa amepiga soga kwa muda mrefu, alimuuliza anafanya kazi gani. Msichana akasema jina lake ni Pei Jing, yuko maabara ya hospitali ya watoto, kazi yake ni damu.

"Unainyonya?"

"Ndivyo watoto wanavyosema. Wakiniona na trei wanajificha nyuma ya bibi zao."

Shuyan aliendelea kusugua. Aliuliza damu hiyo wanaitafutia nini, na Pei Jing, akiwa amelegea kwa joto na uso wake umeelekea ukutani, akaeleza kama mtu anayetua mzigo. Pafu linapoanza kuharibika, alisema, linavujisha vitu kwenye damu. Linavujisha mapema, kabla mtoto hajaonekana kuzidiwa, kabla hata picha haijaonyesha. Mtoto anacheza, anaomba peremende, kumbe damu yake imeshapiga kelele. Wao wanapima vitu hivyo asubuhi inayofuata, mashine inatoa namba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo hatari ilivyo kubwa. Angalau ndivyo profesa anavyoamini, na ndicho anachotaka kukithibitisha.

"Basi mnawaambia madaktari," Shuyan alisema.

"Hatuwaambii."

"Kwa nini?"

"Ni kanuni ya utafiti. Daktari akijua namba atabadilisha matibabu. Mtoto akipona hatutajua kama namba ilikosea au daktari alimwokoa. Kwa hiyo namba zinafungiwa mpaka mwisho." Pei Jing alilalia mkono wake. "Kuna mmoja ananirudia kila nikifumba macho. Mtoto wa kike. Namba yake ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Nilipoiona alikuwa ameshapelekwa nyumbani. Nilikwenda kwa profesa nikamwambia kuna moja iko juu sana. Akanikatisha, akasema, usiniambie ni nani. Nikarudi kukaa. Wiki ile ile nikasikia amepelekwa Shenyang."

Mkono wa Shuyan ulikuwa katikati ya mgongo.

"Nilimtoa damu mimi mwenyewe," Pei Jing alisema ukutani. "Aliniuliza kama damu ikitoka itaota tena kama nywele."

Shuyan hakupiga kelele. Baadaye wasuguaji wenzake walishangaa kwamba hakupiga kelele. Alichota ndoo ya maji, akammwagia yule msichana mgongoni taratibu, kutoka shingoni mpaka miguuni, kama anavyommwagia mteja yeyote aliyekwisha kusuguliwa.

"Anaitwa Ji Ruirui," alisema. "Mimi ndiye mama yake."

Pei Jing aliinuka akaketi, uchi, nywele zimemganda usoni. Kisha akaanza kulia, na Shuyan akasikia mori unampanda, maana kile kilio hakikuwa na faida yoyote kwake.

"Usinililie," alimwambia. "Ulikuwa na simu?"

"Nilikuwa nayo."

"Namba ya baba yake ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Haya, shuka. Wako wengine wanasubiri."

Nyumbani Hongtao alisikiliza yote akiwa ameshika bakuli la uji wa mtama, na uji ukapoa. Aliposema, alisema lile ambalo Shuyan aliliogopa: mtoto yu hai. Wapo waliorudi kutoka Shenyang mikono mitupu. Ukianza vita na hospitali, akikohoa tena kesho utampeleka wapi? Na yeye ndiye aliyetia sahihi, alisema kwa sauti ya chini, kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa, ni yeye.

"Ulitia sahihi watoe damu," Shuyan alisema. "Hukutia sahihi wanyamaze."

"Pengine iliandikwa humo."

"Basi waliandika uhalifu, na wewe ulikuwa umeshika makoti."

Ilimuuma, na Shuyan aliona imemuuma, lakini hakulifuta neno lake. Usiku huo walilala wamepeana migongo.

Asubuhi alivaa koti lake la sherehe akaenda kwa Profesa Lian Boqun. Alitegemea kumkuta mtu mwenye kiburi. Angemfurahia mtu mwenye kiburi. Lakini Profesa Lian alikuwa mzee mpole mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, aliyemmiminia maji ya moto mwenyewe, akamsogezea kiti karibu na joto. Alipojua ni mama wa nani, alivua miwani akaishika mikononi.

Hakukana. Alieleza kwa muda mrefu na kwa adabu. Alisema kila majira ya baridi anaona watoto wakirudishwa nyumbani wakiwa na nyuso nzuri, kisha wanaletwa wakiwa wamechelewa. Wengine wanalazwa bure huku aliye hatarini anakosa kitanda. Ameitafuta alama hii nusu ya maisha yake. Walishakuwa na alama nyingine zamani, madaktari wakaziamini kabla hazijathibitishwa, na watoto wazima wakatiwa dawa kali na mipira vifuani kwa sababu ya namba iliyodanganya. Ndiyo maana safari hii alitaka uhakika. Siku ile, kwake yeye, namba ya Ruirui haikuwa na maana bado. Ilikuwa namba tu.

Shuyan alikuwa mwanamke aliyeacha shule mapema, lakini hakuwa mjinga, na aliona kwamba maneno yale yana kichwa na miguu. Hilo ndilo lililomzidishia hasira. Mtu anayekudhulumu kwa maneno ya upuuzi unaweza kumtemea mate ukaondoka. Huyu alikuwa amemwekea mbele yake jambo la maana, na ndani ya jambo hilo la maana mtoto wake alikuwa amelala amekatwa pafu.

"Profesa," alisema, "yule msichana alipokuja kwako, kwa nini ulimwambia asikutajie jina?"

Lian aligeuzageuza miwani mikononi.

"Kama ilikuwa namba tu, jina lingekudhuru nini?"

"Ningelisikia," mzee alisema mwishowe, "nisingeweza kuvumilia."

"Kwa hiyo ulijua."

"Niliogopa kwamba inaweza kuwa kweli."

"Mimi ningeogopa ningekimbia bila viatu. Wewe ulikwenda kunywa chai."

Profesa aliinamisha kichwa. Akasema atahakikisha Ruirui anaangaliwa na madaktari bora mpaka akue. Shuyan alimjibu kwamba hakuja kuomba. Alikuja kuchukua. Anataka kichupa cha pili, damu ya mwanawe, arudi nacho nyumbani.

Hapo ndipo Lian alipofanya kosa. Alimwambia ukweli mwingine. Alisema damu haiwezi kutoka maabara, ila mzazi ana haki ya kuiondoa kwenye utafiti, na akidai hivyo itamwagwa. Lakini alimsihi asifanye hivyo. Watoto waliozidiwa ni wachache, na katika hao hakuna ambaye damu yake ilisema wazi kama ya Ruirui. Damu ile ikiondoka, uthibitisho unalegea. Ikibaki, mwakani watoto wengi wataokolewa kwa ajili yake.

Shuyan alisimama. Kikombe kilianguka, hakukiokota.

"Mmekula pafu la mwanangu," alisema, "sasa mnataka niwashukuru kwa kuwa lilikuwa tamu."

Alitoka, lakini hakwenda nyumbani. Miguu ilimpeleka korido ile ile ya dripu. Ilikuwa imejaa kama siku ile, watoto wengine, mabibi wengine, misumari ile ile. Mwisho wa korido Pei Jing alikuwa ameinama mbele ya mvulana mnene aliyefumba macho, trei yake kando. Shuyan alimwona, na Pei Jing alimwona.

Alipanda juu ya benchi. Sauti iliyozoea kushindana na mvuke na mabomba ilijaa ukumbi wote bila shida. Aliwaambia yeye ni nani, mtoto wake ni nani, alipatwa na nini. Akawaambia kuna kichupa cha pili. Kwamba kile kichupa kinapimwa kesho yake, na namba inatoka, na namba hiyo inaweza kusema mtoto wako anaharibika ndani ilhali anacheka, na hakuna atakayekupigia simu. Hakuwaambia wakatae. Aliwaambia waulize.

Watu walitazamana. Bibi mmoja alimfunika mjukuu wake mkono kwa shali. Baba mmoja mwenye kofia ya manyoya alisema kwa ubishi kwamba watu huleta fujo hospitalini kila leo kutafuta kitu kidogo, na nani anathibitisha haya?

Shuyan angeweza kunyoosha kidole, hakunyoosha. Jana alikuwa amemchukia yule msichana kwa moyo wote, na bado alimchukia, lakini mwana wa mtu hatupwi kwa umati.

Mlinzi alifika, mzee Huo, ambaye mkewe alikuwa mteja wa hamamu tangu zamani.

"Mama Ruirui, shuka," alisema kwa kunong'ona. "Usinitie matatani, nimebakiza kidogo nistaafu."

"Nikamate, kaka Huo. Lakini fikiria kwanza nani atamsugua mkeo kabla ya sikukuu."

Watu wengine walicheka, na mzee Huo, mkono umeshanyooshwa, hakujua aupeleke wapi. Akajikuna nao shingo.

Ndipo Pei Jing aliposema. Hakupanda juu ya kitu. Alisimama na trei yake, akavuta barakoa chini ya kidevu ili waone uso.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye ninayepima. Niliiona namba ya binti yake na sikusema."

Yule mvulana mnene akafumbua macho akauliza kama bado atachomwa, na mama yake akamvuta mkono wa sweta ukarudi chini.

"Hachomwi," alisema mama huyo. "Kichupa cha kwanza kinatosha."

Baada ya hapo haikuhitaji benchi. Habari ilitembea na dripu, ikapanda ngazi, ikashuka na mabasi. Hamamu ilifanya lililobaki. Wanawake waliolala juu ya vitanda vya plastiki waliondoka nayo pamoja na ngozi nyekundu, wakawapelekea mawifi na wakwe. Mwaka Mpya ulipokwisha na watoto kurudi kukohoa, akina mama wengi wa mji ule walikuwa wakiuliza jambo moja kabla ya kukunja mkono wa sweta: mkiona kitu, mtatupigia simu? Wakijibiwa kwamba utaratibu hauruhusu, walisema basi asante, na trei ikarudi maabara tupu.

Hospitali ilikasirika. Ilimwita Shuyan mchochezi. Mtu wa ofisi alikuja hamamu kuongea na mwenye hamamu, lakini mwenye hamamu alikuwa na mjukuu, naye akauliza lile lile swali. Pei Jing aliondolewa kazini kwa kuvunja siri ya utafiti. Shuyan aliposikia alikwenda tena kwa Profesa Lian, akagonga mlango kwa kiganja, akasema, mmoja tu kati yenu ndiye aliyefungua mdomo, na huyo ndiye mliyemfukuza. Profesa alisema uamuzi haukuwa wake. Shuyan akamwambia amechoka kusikia kwamba mambo ya mahali pale hayana mwenyewe.

Pei Jing alipata kazi Shenyang, kwenye maabara ya watu binafsi wanaopima damu za wazee. Kabla ya kuondoka alikuja hamamu, akasimama mlangoni na nguo zake, hakuingia. Alisema hatarajii kusamehewa.

"Vizuri," Shuyan alimwambia. "Maana sijakusamehe." Kisha akaona yule msichana amekonda, na viatu vyake vimelowa theluji, akaongeza, "Kula. Huko Shenyang watu hawapiki."

Theluji ilikuwa inaanza kuwa tope Profesa Lian alipopanda ngazi mpaka nyumbani kwao. Hongtao alimfungulia, akamkaribisha kiti. Shuyan aliendelea kukatakata kabichi chachu kwa ajili ya maandazi ya nyama, kisu kikipiga ubao.

Mzee alisema amebishana na wenzake wiki nyingi. Wamekubali. Kuanzia sasa namba ikivuka kiwango fulani, maabara itaipigia wodi simu asubuhi ile ile, na mtoto ataitwa. Utafiti utakuwa dhaifu kidogo, itabidi uchukue miaka zaidi. Alisema hivyo bila kulalamika. Alichoomba ni kwamba akina mama wajue, vichupa virudi. Na kuhusu damu ya Ruirui, ameleta swali, hakuleta ombi. Wakitaka imwagwe, ataimwaga leo kwa mkono wake.

Hongtao alimtazama mkewe. Tangu ule usiku wa uji hakuwa amesema neno juu ya sahihi yake. Sasa alisema, "Wewe amua. Mimi niliamua mara moja, inatosha."

Shuyan aliweka kisu chini. Alikuwa ameota mara nyingi akikimwaga kile kichupa kwenye theluji mbele ya ofisi ya yule mzee, akamwona akipiga magoti kukikusanya. Aliwaza juu ya watoto kwenye misumari ya korido. Aliwachukia kidogo hata wao, kwa kuwa wangepona kwa kitu ambacho binti yake alinyimwa.

"Ibaki," alisema. "Lakini mkiandika, mwisho huwa mnaandika kwamba mnawashukuru wazazi."

"Ndiyo. Ni desturi."

"Msitushukuru. Msiandike kwamba nilitoa. Andikeni kwamba mlichukua."

Profesa alisema haiandikwi hivyo. Halafu akatazama miwani yake, akasema atajaribu. Hongtao alimsindikiza mpaka chini kwa adabu. Shuyan hakumtazama akiondoka, wala hakumpa hata andazi moja.

Akina mama walirudi, mmoja mmoja. Na simu ya kwanza ilipigwa mwezi wa maua ya kwanza. Mzee Huo alimsimulia mkewe, na mkewe akaileta hamamu, akaisema akiwa amelala chali, kwa furaha kubwa. Alikuwa mjukuu wa mwanamke mmoja wa upande wa machimboni, mvulana mchangamfu, aliyelala kwao usiku kucha bila shida. Asubuhi bibi akapigiwa simu, akaambiwa amrudishe mtoto hospitali mara moja. Bibi aliona ni upuuzi, mtoto anakula yai. Akampeleka kwa kuogopa simu tu. Kufika jioni pafu moja lilikuwa limeanza kujaa, lakini walikuwa wameshamwanzishia dawa, na leo yuko kitandani anagombania katuni. Wala hakwenda Shenyang.

"Kwa ajili yako, Mama Ruirui," alisema mke wa mzee Huo.

Wanawake waliokuwa kwenye maji walipiga makofi. Shuyan alitabasamu kama inavyopasa, akamaliza kumsugua, akammwagia maji. Kisha akaenda chumba cha nyuma cha kuanikia taulo, akafunga mlango, akachukua ndoo ya chuma akaipiga ukutani mpaka ikakunjana. Alipiga akitaja neno moja. Simu. Simu. Simu. Ilikuwa rahisi kiasi kile. Mtu alinyanyua simu, akasema maneno mawili, mtoto akabaki na kifua chake chote. Wasuguaji wenzake walisikia kishindo wakatulia. Alipotoka mwenye hamamu aliitazama ndoo, akaitupa, akaleta nyingine.

Jioni alimchukua Ruirui shuleni. Watoto walikuwa uwanjani wanaruka kamba, na Ruirui ndiye aliyeshika ncha moja akiwazungushia wenzake, akiwatania wanaojikwaa. Walitembea polepole mpaka nyumbani. Kwenye ngazi mtoto alipumzika kila ghorofa, mkono juu ya chuma, kifua kikipiga filimbi. Shuyan aliinama kumpa mgongo.

"Usinibebe," Ruirui alisema. "Nasimama tu kidogo."

"Sikubebi."

"Mbona umenuna? Bado una hasira na yule babu wa miwani?"

"Bado."

"Mpaka lini?"

Shuyan alifikiri kwa kweli, maana hakuwa na desturi ya kumdanganya mtoto wake.

"Sijui," alisema. "Vuta pumzi."

Ruirui alivuta, wakapanda tena.